Toba Iliyonipandisha Bagira

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Goma anayebeba abiria kwa pikipiki isiyo yake. Kwa miaka 2 alikuwa akimpunguzia mama mwenye pikipiki hesabu ya jioni, akidai kwamba abiria walikuwa wachache. Ameungama mbele za Mungu, amefunga, ameombewa na wachungaji wawili, na bado ananiuliza kwa nini moyo wake hautulii. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu swali lake nililibeba mimi mwenyewe kwa miaka 6, nikiwa shemasi wa kanisa hapa Bukavu.

Kaka yangu alipofariki, familia ilinikabidhi kazi ya kuuza bidhaa zilizobaki katika kibanda chake cha soko la Kadutu, ili fedha zake apewe mjane pamoja na watoto wake wanne. Maharagwe, mchele na mafuta vilileta dola 1,100. Nilimpa shemeji yangu dola 700, nikamwambia kwamba ndizo zote. Dola 400 nilibaki nazo, na sababu sikuzikosa: mimi ndiye niliyesumbuka kutafuta wanunuzi, mimi ndiye niliyelipa sehemu kubwa ya gharama za mazishi, na tena mkubwa wa familia ana haki yake. Sehemu ya fedha hizo niliitoa kanisani kuwa sadaka ya mabati, na Jumapili ile jina langu likasomwa mbele ya watu.

Nataka ieleweke kwamba sikuwa mtu asiyetubu. Kila mwaka, juma la maombi lilipofika, nilikwenda mbele, nikapiga magoti, nikalia machozi ya kweli. Maneno yangu yalikuwa yale ya Zaburi ya 51: "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Mstari huo niliupenda mno, na leo najua kwa nini niliupenda. Ulinipa nafasi ya kumalizana na Mungu bila kupita kwa mtu yeyote, na wakati huo huo, katika safu za akina mama nyuma yangu, shemeji yangu aliitikia amina. Daudi aliyaandika maneno hayo akiwa amevunjika chini ya uzito wa dhambi yake. Mimi niliyageuza kuwa mlango wa kutokea. Mwana mpotevu wa Luka 15 hakusema hivyo. Yeye alisema, "Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako," na wala hakuyasema kwa mbali, bali aliondoka akaenda.

Siku moja nilikuwa nikiandaa somo la vijana kutoka kitabu cha Hesabu, sura ya 5. Mstari wa 7 unaagiza kwamba mtu aliyemkosa mwenziwe aungame dhambi yake, arudishe kile alichokosa kwa ukamilifu, aongeze juu yake sehemu ya tano, kisha ampe yule aliyemkosa. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu: sehemu ya tano ya dola 400 ni 80, jumla 480. Kwa miaka 6 dhambi yangu ilikuwa huzuni isiyo na umbo ambayo ningeweza kuililia bila mwisho; sasa ilikuwa kiasi kilichoandikwa kwa kalamu, chenye mwenyewe, na mwenyewe ni shemeji yangu, anayekaa Bagira, hapa hapa Bukavu, na anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

Nilipanda Bagira Jumamosi asubuhi nikiwa na dola 100 mfukoni. Nilimkuta shemeji ameketi mlangoni akichambua samaki wake kwenye ungo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, lakini nilipofika kwenye kile kiasi cha dola 400 alininyanyulia mkono ninyamaze. "Shemeji," akasema, "nilijua. Siku ulipouza gunia la mwisho nilikuwa pale sokoni. Niliyahesabu magunia yote." Kisha akaendelea kuchambua sambaza.

Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi, na hata sasa ninapoyaandika yananichoma. Mwanamke huyu alikuwa ameniona nikilia madhabahuni miaka 6 mfululizo, akijua ninachokililia na akijua kwamba hakitafika kwake. Alizipokea zile dola 100, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake, akamwita mtoto wake mkubwa aandike kwenye daftari. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Niliteremka na mvua, na nakiri kwamba njiani nilikuwa na hasira, kwa maana nilikuwa nimetarajia tukumbatiane na kulia pamoja.

Nilipomweleza mchungaji wetu, nilivuliwa ushemasi. Sikatai haki ya uamuzi huo. Kilichoniumiza, na bado kinaniuma, ni kwamba nilipokuwa nikilia bila kurudisha kitu waliniita mtu wa toba, na nilipoanza kurudisha waliniita mtu wa aibu.

Ndugu zangu, tumelifanya neno hili, toba, kuwa jambo la machozi na kipaza sauti. Neno la Kiebrania ambalo manabii walilitumia, shub, maana yake ni kurudi. Na neno letu la toba, lililotujia kutoka Kiarabu, nalo linabeba maana hiyo hiyo ya kurudi. Lile la Kigiriki, metanoia, ni kugeuza nia. Hakuna hata moja linalotaja kulia. Makutano walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, aliwajibu kwa mambo ya nguo, chakula, ushuru na mshahara: mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, mtoza ushuru asitoze zaidi ya alichoamriwa, askari asimdhulumu mtu. Mwaka 1517 Martin Luther alizifungua hoja zake 95 kwa kusema kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Wakatoliki nao, ambao sisi tunapenda kuwalaumu kwamba kwao kitubio ni cha kutamka tu, wanafundishwa wazi katika ibara ya 1459 ya Katekisimu yao kwamba maondoleo hayamalizi madhara ya dhambi, na kwamba kilichoibwa lazima kirudishwe. Hata uamsho ulioanzia Gahini, katika nchi jirani ya Rwanda, na kuenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, ulitambuliwa na majirani kwa sababu watu walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni yao ya kale.

Hata hivyo, asiwepo mtu wa kudhani kwamba anainunua rehema. Yuda alirudisha vipande vyote thelathini vya fedha, bila kupunguza hata kimoja, akaenda akajinyonga. Fedha aliwarudishia makuhani, lakini yeye mwenyewe hakumrudia Yesu. Zakayo alianza kwa kumkaribisha Yesu nyumbani kwa furaha, na ndipo akaahidi kurudisha mara nne. Utaratibu huo ni wa lazima, kwa kuwa safari za kupanda Bagira ni nyingi, na mtu anayepanda kwa hofu peke yake huchoka katika mwezi wa tatu. Mimi nilikaribia kuchoka.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Goma, nenda kwa mwenye haki. Usiende kwanza kwa mchungaji wa tatu. Nenda kwa mwenye haki. Umeniandikia kwamba yule mama amehamia Uvira, lakini umesema pia kwamba nambari yake ya simu ungali nayo. Mpigie kabla hujawasha pikipiki. Taja kiasi kwanza, usianze na shida zako, wala usimwombe akuambie kwamba mambo yameisha. Kisha mtumie cha kwanza siku hiyo hiyo, hata kikiwa kidogo.

Mimi nimekuwa nikipeleka dola 20 kila mwisho wa mwezi, mwaka mmoja na miezi 4 sasa. Zimebaki 60. Jumamosi hii napanda tena, na daftari liko kwa mtoto.