Fundi wa Boti Anajibu: Injini Inanguruma, Boti Haiendi

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko huku Minnesota, nimenunua boti ya jeti ya mtumba ya mwaka 1997, ina injini mbili za Rotax tu-stroki. Ilikaa uani kwa mtu miaka kibao bila hata turubai, ndani maji na majani yameoza. Muuzaji akasema shida ni betri tu. Nimeweka betri mpya, injini moja ikawaka vizuri kabisa ila ziwani inapiga kelele kama inataka kupasuka na boti yenyewe inatambaa. Ya pili inawaka inazima, inawaka inazima. Shemeji anasema ninunue injini nyingine. Nianzie wapi, mana mke ashaanza kuniangalia vibaya.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo "ni betri tu" wauzaji wa mitumba wote wanaijua, kwa hiyo mbuzi wa kwenye gunia ushamnunua, sasa tumfungue tumuone. Injini usinunue kwanza. Mwambie shemeji apumzike.

Una magonjwa mawili tofauti. Kelele bila mwendo mara nyingi ni pampu, sio injini. Boti ya jeti haina propela nje, injini inazungusha impela ndani ya bomba, inanyonya maji chini ya boti inayatupa nyuma kwa nguvu, na hiyo impela imezungukwa na pete ya plastiki ambayo lazima ikaribiane nayo sana. Ingiza fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kati ya ncha ya impela na pete, ikizidi kama milimita 0.6 maji yanarudi pembeni na injini inazunguka bure. Kinachoila pete ni mchanga, watu wanapiga resi kwenye maji ya magotini, wakati kina kinatakiwa kiwe angalau sentimita 90 chini ya boti. Pete haina bei ya kutisha ukilinganisha na injini. Kabla hujafungua kitu chungulia kwanza wavu wa chini, unaweza kukuta kamba au magugu yamejisokota kwenye shafti ukacheka mwenyewe. Alafu angalia pale shafti inapoingilia kwenye boti, kuna pete ya kaboni na mpira wa mikunjo, ule mpira ukichoka pampu inavuta hewa badala ya maji, na boti inaanza kujaza maji ndani pia.

Ya pili, hiyo inayozima, inaniambia mafuta. Ila kusema kweli hiyo inayonguruma ndo naiogopea zaidi. Boti nyingi za miaka ya 90 zilikuja na mipira ya mafuta ya kijivu, ikizeeka inatoa uteute wa kijani kwa ndani, uteute unaenda kuziba vichujio vidogo vilivyojificha ndani ya kabureta. Injini inawaka kabisa, ikinguruma taratibu bila kukanyaga iko safi, lakini ukikanyaga mafuta hayatoshi, joto linapanda, pistoni inatoboka au inakwama, hapo ndo shemeji atakuwa sahihi. Kwa hiyo usiwashe hata moja tena. Mwaga petroli yote ya zamani, toa mipira yote ya kijivu uweke mieusi ya petroli, fungua kabureta zote usafishe vichujio na ubadilishe dayafram (ule utando mwembamba wa ndani), usifanye ya injini moja ukaacha nyingine.

Ukishafika hapo ndo upime kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, plagi zote nje, waya za plagi uzishikize kwenye bodi ya injini usije ukaunguza kompyuta yake, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini isiyo na ubovu inasoma karibu na psi 150 (kipimo cha presha), na silinda zake zisipishane sana. Ukikuta moja 145 nyingine 90, basi sawa, tuongee habari ya injini. Oili tafuta yenye alama ya API TC, sio ile ya TC-W3 ya autobodi (injini ya kufunga nje nyuma ya boti), na kwa tangi la kwanza changanya kidogo kwenye petroli pia, petroli 50 kwa oili 1, mpaka uhakikishe pampu ya oili inafanya kazi, injini itatoa moshi ila hamna neno.

Ukijaribu nyumbani kwa mpira wa bustani, washa injini kwanza NDIPO ufungue maji, na ukimaliza funga maji kwanza, piga resi kidogo yatoke, uzime. Ukigeuza huo mpangilio maji yanapitia ekzosi yanaingia kwenye silinda.

Na ukirudi ziwani kumbuka, ukiachia mafuta usukani haufanyi kazi, jeti inakata kona kwa maji inayoyatupa. Wageni wengi wanaachia mafuta wakiona gati, alafu wanaenda nalo moja kwa moja. Ukitoka majini chomoa plagi ya kutolea maji, huko Minnesota ni sheria hiyo.

SWALI: Fundi, kaka yangu yuko Marekani anataka kunitumia boti ya jeti nibebee abiria hapa Mwanza. Nikubali?

JIBU: Kwa maji machache na mawe hizi ni nzuri, Bill Hamilton kule New Zealand alizitengeneza miaka ya 50 kwa ajili ya mito ya aina hiyo. Ila nyie hapo mna magugu maji, pampu itayanyonya na utashinda unachokonoa wavu abiria wanakusubiri. Mwambie atume hela, ununue autobodi.