Foronya za kochi kwa kitambaa chako

SWALI: Dada shikamoo. Niko Majengo, Moshi, nina mita moja ya pamba niliyoprintishia maua niliyochora mwenyewe, nataka foronya za mito ya kochi, mito ni sentimita 45 kwa 45. Nikate saizi gani, na zipu siiwezi kabisa. – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mama, hongera kwa kuchora! Usikate kwanza, kifue maji baridi, anika kivulini, maana pamba inarudi, ukifua baada ya kushona mto utagoma kuingia. Mbele kata 45 kwa 45 hiyohiyo, usiongeze ya mshono, foronya ikibana kidogo mto unajaa na pembe zinasimama. Zipu achana nayo, nyuma weka vipande viwili vya 45 kwa 32, pinda ukingo mmoja mrefu wa kila kimoja, vipandane katikati, pindo zikae hapo, halafu laza uso kwa uso na cha mbele, shona kuzunguka sentimita moja kutoka ukingoni, punguza ncha za pembe, geuza. Nyuma tumia kitambaa cha rangi moja, sokoni Mbuyuni hukosi, ili maua yako yatoe mbele nne. Na mito ikisinyaa, jazia sufi.