Mti wa Noeli unatolewa lini?

Dada, si lazima tarehe 6 Januari. Kwa Wakatoliki kipindi cha Noeli kinaisha sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mara nyingi Jumapili baada ya Epifania, yaani sikukuu ya Mamajusi. Ndivyo ilivyo tangu kalenda ya Kanisa ya 1969. Wanaongoja tarehe 2 Februari nao hawajakosea, ni desturi ya zamani: siku 40 tangu kuzaliwa kwa Yesu. Mimi napamba kanisa letu hapa Bukavu, pango la Noeli (mfano wa mahali alipozaliwa Yesu) huwa tunalitoa Jumatatu baada ya Ubatizo.

Ila usikimbilie kufunga vitu siku ya mvua. Huku mvua inaendelea mpaka Mei, na ukifunga taa zikiwa na unyevu ndani ya sashe (mfuko wa plastiki), mwezi wa kumi na mbili unakuta vichwa vya waya vimeota kutu ya kijani. Zikaushe kwanza, zizungushe kwenye kipande cha katoni, plagi ibaki nje uweze kuzijaribu bila kufungua. Majani makavu ya pango tupa tu, panya wanayapenda kulalia.