Ukipiga hewa, usisimame kuitazama

Jumamosi iliyopita nimeshinda pambano la upanga mrefu, ule wa kale wa Ulaya unaoshikwa kwa mikono miwili, 5–4, na pointi ya mwisho niliipata baada ya kukosa. Nalitanguliza hilo ili mjue siandiki kwa uchungu. Uchungu upo kidogo, mtauona mbele.

Msomaji mmoja aliyeko Stuttgart ameniuliza: "Kaka, pigo la kwanza likikosa nakwama. Nifanyeje?" Karibu chamani, kaka. Mimi nimekwama miaka miwili.

Mwezi wa nne nilipangiwa dada mmoja aliyenizidi urefu kichwa kizima. Nikashusha upanga kutoka bega la kulia kwa nguvu zangu zote. Yeye akarudisha mguu nusu hatua, basi. Upanga ukapita mbele ya kifua chake, ukaenda kusalimia sakafu, nami nikaufuata kwa macho kama mtu aliyedondosha shilingi. Kabla sijainua shingo, paa! Kofia ya wavu ikalia. Refa akanyoosha mkono upande wake. Nikarudia vilevile, naye akarudia vilevile. 5–0, dakika mbili hazijaisha.

Kile kikao cha kuelekeza ncha chini mabingwa wa zamani wa Kijerumani walikiita Alberi, yaani mpumbavu. Mtu anaweza kukikaa kwa makusudi, akitega. Mimi sikukikaa, nilikiangukia. Na katika mafundisho ya Liechtenauer, mmoja wa mabingwa hao, pigo linalokivunja ni lilelile la utosini nililokuwa napewa.

Mwalimu akasema mbele ya watu kwamba nachanja kuni. Wakacheka. Orodha ya timu ilipobandikwa, jina langu halikuwemo. Sikusema kitu. Nilikunja koti langu la mazoezi nikapanda tramu.

Miezi iliyofuata siisimulii, ni jasho na malengelenge tu. Nitakachosimulia ni kwamba nilianza kusoma. Hapa Nuremberg, katika makumbusho ya Germanisches Nationalmuseum, kuna hati yenye namba 3227a, miongoni mwa maandishi ya kale kabisa kuhusu upanga huu. Inafundisha kwamba pigo la kwanza likipata au likikosa, la pili lifuate hapohapo, mwenzako asipate nafasi ya kujibu. Wameliita jambo hilo kwa Kilatini *frequens motus*, mwendo usiokatika.

Mwendo usiokatika! Nilicheka peke yangu, maana hilo nililijua tangu darasa la tatu kule Korogwe. Shuleni kwetu mchelewaji alipewa fyekeo. Fyekeo hukata likienda na hukata likirudi. Ukikosa jani huligeukii kwa majuto, mkono uko njiani tayari. Ukilisimamisha katikati, mgongo unakuadhibu kabla ya mwalimu wa zamu. Nimekuja Ulaya nikashika upanga wa kilo moja na nusu hivi, nikasahau kitu ambacho mikono yangu ilikijua.

Sasa ushauri. Ukipiga kutoka kulia, jitahidi ncha isimame ikimtazama usoni, isipite goti. Lakini tusidanganyane, siku ya mashindano damu imechemka, itapita tu. Ikipita, usiurudishe upanga njia uliyojia. Inua mikono upande wa kushoto, mpini uwe juu ya paji la uso wako, mguu wa kushoto utoke pembeni, upanga ulale na kukingama hadi upande wa kulia wa kichwa chake. Hilo ndilo tsverihau, yaani pigo la kukingama kwa Kijerumani. Beti za Liechtenauer zinalisifu kwamba hunyang'anya kila kinachotoka juu, na kweli, mikono ikiwa pale, pigo lake la utosini linakuta paa. Unajikinga na kupiga kwa mwendo mmoja.

Muhimu ni mguu. Nimeona watu wakiinua mikono tu huku miguu imeota mizizi. Toka pembeni! Nasema tena, toka pembeni.

Na kama yuko mbali mno, usimkimbilie, ondoka. Joachim Meyer, katika kitabu kilichochapwa Strasbourg mwaka 1570, aligawa pambano sehemu tatu: kukaribia, kazi ya mikono, na kuondoka. Hiyo ya tatu hatuipendi kwa sababu haipigiwi makofi. Ondoka huku upanga ukikulinda.

Halafu tuache kuona haya. Tunafunika aibu ya kukosa kwa kusimama na kutikisa kichwa, ili watazamaji wajue kwamba kwa kawaida hatukosi. Nani kakuuliza? Wenyewe wa kale walikuwa hata na pigo waliloliita Feleri, kosa: unapiga ukijua utakosa, mwenzako akimbilie kukinga, uingie kwingine. Wao walilitengeneza kosa, sisi tunalililia. Kijana unayesoma hapa na unataka medali kama ninavyoitaka mimi, hutaipata ukiwa unaomba radhi kwa hewa. Mazoezini mwambie mwenzako arudi nyuma makusudi, ukose, uendelee. Ukose mara hamsini kila jioni, na kila mara uendelee.

Jumamosi tulipangiwa tena, mimi na yule dada. Tulifika 4–4. Nikashusha, akarudisha mguu nusu hatua kama kawaida yake, nikapiga hewa. Nilimwona anapandisha upanga, uso wake ndani ya wavu umeshaanza kutabasamu. Mikono yangu ilikuwa juu tayari. Nikatoka kushoto na kumgusa juu ya sikio. Akavua kofia akaja kunikumbatia, akauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia, fyekeo. Alijaribu kulitamka mara tatu.

Mwalimu naye alikuja, akaniwekea mkono begani tukapigwa picha. Jioni akaiweka mtandaoni na kuandika, "Mwanafunzi wangu." Watu wameipenda sana. Mimi bado sijaibonyeza.