Kwa wadogo zangu mnaoanza maabara: si kila kioo kimetokana na kimondo

Juzi mmerudi fildi ya Mbozi, kilipo kile kimondo kikubwa cha chuma, na kabla ya jioni watatu wenu mmeshaandika "kioo cha mgongano" kwenye lebo, yaani kioo kinachotokea kimondo kinapogonga ardhi na kuiyeyusha. Nawapenda, lakini hili limenichosha.

1. Andika mahali ulipookota jiwe kabla halijaingia mfukoni.

2. Jueni kwanza kioo cha mgongano kinavyotokea mwezini. Mwezi hauna hewa ya kuzuia kitu, kwa hiyo hata vimondo vidogo kuliko punje ya chumvi mara nyingi hutua kwa kasi inayozidi kilomita 10 kwa sekunde. Wimbi la mshtuko huibana regolithi, yaani vumbi na vipande vya mawe vinavyoufunika Mwezi. Likipita, joto hubaki na udongo huyeyuka. Hupoa upesi mno, fuwele hazipati muda wa kujipanga, kikabaki kioo. Uji ule huzigandisha pamoja chembe za jirani, na gesi zilizoletwa na upepo wa jua (chembe zinazotoka kwenye Jua) hutoka zikiacha vitundu. Hiyo ndiyo aglutineti. Hapa kwetu ni tofauti: kimondo cha Mbozi, na tani zake takribani 16 za chuma, hakina hata shimo lililobaki.

3. Vitundu peke yake havithibitishi kitu. Mwaka wangu wa pili niliokota kipande cheusi kando ya shamba la kahawa kulekule Mbozi: kinang'aa, kina vitundu na mikunjo ya kutiririka, sumaku inakivuta kidogo. Mzee mwenye shamba aliniambia, "Mwanangu, hapo babu zetu waliyeyusha chuma." Nikaitikia, "Ndiyo, babu," nisiandike hata neno. Semina nzima nikatetea kwamba ni udongo ulioyeyushwa na kimondo. Mwalimu akakikata, akakiweka kwenye hadubini: fuwele ndefu zimelala kama manyasi, na ndani ya kitundu kimoja, punje ya mkaa. Mavi ya chuma, yaani masalia ya uyeyushaji. Kilichoniuma si semina, ni yule mzee. Nilirudi kumwomba radhi, akanishika mkono hadi kwenye tanuri lenyewe, udongo mwekundu uliobomoka katikati ya mibuni.

4. Msisahau volkano, nanyi mnaiona Rungwe. Desemba 1972 Harrison Schmitt, mwanajiolojia aliyekwenda Mwezini na Apollo 17, alikuta udongo wa rangi ya chungwa kwenye kreta (shimo) ya Shorty, udongo wa vishanga vidogo vya kioo. Kreta ni ya mgongano, lakini vishanga vile ni vya volkano. Mgongano ulivifukua tu. Kioo cha volkano huwa safi, cha mgongano mara nyingi hubeba vipande visivyoyeyuka na chembe za chuma na nikeli.

Kipande changu kipo droo ya pili, karibu na sinki. Kitoeni mkiangalie, halafu fungueni mifuko yenu upya.