Taa ya betri bado inawaka baada ya kuweka betri mpya
Ndugu, kama umebadili betri ya Corolla 110 na taa bado inawaka injini ikinguruma, shida ni chaji, si betri. Weka mita ya volti kwenye vichwa vya betri: gari likiwa limezimwa, volti 12.6 hivi, likiwaka, 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12 na kitu, anza na mkanda unaozungusha altaneta, yaani mashine inayochaji betri. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati, kati ya puli mbili (magurudumu unayopitia). Ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea. Mkanda uko sawa? Kagua fyuzi na plagi ya altaneta, kisha kaboni zake, vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kaboni zikikaribia kuisha, taa huwaka kwa kufifia, inakuja na kupotea. Badili kaboni kwanza kabla ya kukimbilia altaneta ya mtumba. Na fundi akitaka kuchomoa betri injini ikiwaka eti anapima, mkatalie: volti hupanda ghafla na kuua dayodi za altaneta, zile zinazogeuza umeme wake uweze kuchaji betri.