Maswali na Majibu: Loránd Eötvös na Mizani ya Msokoto

Swali: Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd cha Budapest kimepewa jina la nani?

Ni la mwanafizikia aliyezaliwa Buda mwaka 1848, mwana wa József Eötvös, mwandishi aliyepata pia kuwa waziri wa elimu wa Hungaria. Loránd alipata shahada ya udaktari Heidelberg mwaka 1870, akarudi nyumbani kufundisha, na akafariki mwaka 1919. Chuo kilichukua jina lake mwaka 1950.

Swali: Mizani yake ilipima nini ambacho mizani ya dukani haiwezi kupima?

Ilipima jinsi mvutano wa dunia unavyobadilika kutoka hatua moja hadi nyingine, badiliko ambalo mizani ya dukani haiwezi kulihisi kamwe. Ufito mwepesi ulining'inizwa kwa waya mwembamba wa platini, ncha yake moja ikibeba kipande cha metali, na ncha ya pili ikiwa na kipande kingine kilichoning'inia chini zaidi, hivi kwamba mwamba mzito uliofukiwa karibu uliuzungusha ufito na kuusokota waya kidogo mno. Msokoto huo ulisomwa kwa darubini kupitia kioo kidogo kilichofungwa kwenye ufito. Katika majira ya baridi ya 1901 na 1903, Eötvös alipimia juu ya Ziwa Balaton lililoganda, kwa kuwa barafu ni tambarare na haina vilima vya kuvuruga hesabu. Mimi naona hapo ndipo akili yake ilipong'aa kuliko popote. Baadaye watafuta mafuta waliichukua mizani hiyo, na mwaka 1924 ikafichua kuba ya chumvi, yaani rundo kubwa la chumvi lililofukiwa ardhini ambalo mafuta hujikusanya kando yake, huko Texas.

Swali: Einstein alimhitaji kwa lipi?

Eötvös alilinganisha vitu vya aina mbalimbali na kuonyesha, mwanzoni kwa usahihi wa sehemu moja katika milioni 20, kwamba kiasi ambacho kitu huvutwa na dunia huenda sambamba na ugumu wake wa kusukumwa. Nadharia ya Einstein ya mvutano ilisimama juu ya usambamba huo, naye alimtaja Eötvös katika makala yake ya 1916 kuhusu nadharia hiyo.

Swali: Ni kweli kwamba abiria wa meli inayoelekea mashariki hupungua uzito?

Ni kweli, kwa sababu mwendo wa meli huongezeka juu ya mzunguko wa dunia, na kitu kinachozunguka kwa kasi zaidi huelekea zaidi kurushwa nje; athari hiyo, iliyopewa jina la Eötvös, hupata nguvu zaidi penye ikweta. Mtu wa kilo 70 anayeondoka Mombasa kuelekea mashariki kwa kasi ya noti 20 (takriban kilomita 37 kwa saa) hupungukiwa na takriban gramu 10, na meli ikigeuka kurudi magharibi, mizani humwongezea karibu kiasi hicho hicho.